Jina la Mjukuu

Alhamisi, 20 Juni. Ndani ya basi, Reykjavik.

Gari limekufa. Basi, nasafiri kwa basi! Na hema la marehemu baba. Jumapili mjukuu wangu anabatizwa kule Djupivogur, mashariki. Ana wiki saba, bado anaitwa "Kadogo" tu. Jina wazazi wamelificha mpaka mchungaji aulize, kama kawaida yetu. Mimi nalijua. Hallmundur! Langu! La nani tena?

Kituo cha pili, balaa likapanda. Eyvindur, mkwe mwenzangu, hema mgongoni. Viti vitupu tele, akaja kuketi kando yangu. Amepakata mfuko: gauni la ubatizo, alilolishona mama yake. Mwanawe Bardur, baba wa Kadogo, alibatiziwa humohumo. Akanionyesha lesi. Moyo ukanipiga pu! Anayefika na gauni kama hilo, jina litamkwepaje? Mimi nimebeba samaki mkavu na siagi.

Ijumaa, 21 Juni. Kambini, Vik.

Basi la kuendelea ni kesho. Eyvindur yuko bwawani, kwenye maji ya moto, anapiga soga na nusu ya mji. Mfuko nimeuchukua. Umo hemani mwangu. Atachanganyikiwa, mimi nitautafuta, nitaupata, nitaitwa shujaa. Dagrun binti yangu atasikia habari kabla hatujafika. Safi!

Baadaye. Nilikwenda kuchukua kahawa tu. Narudi, upepo umeling'oa hema langu, linavuka uwanja, vigingi vinaning'inia, gauni ndani. Nilisahau kulikandamiza kwa mawe! Mtu mzima, mzaliwa wa nchi hii, asahau mawe! Nikakimbia, nikaanguka. Hema likatumbukia mtoni. Mama yangu weee! Akilini nikamwona Kadogo anabatizwa na fulana, na Dagrun haniongeleshi mpaka nazikwa.

Mara Eyvindur huyo, na chupi ya kuogelea, akanipita mbio akaingia mtoni. Maji ya barafu! Yakamfika kifuani. Kisha kichwa kikapotea. Sikupumua. Hata jina nilisahau. Akaibuka amekumbatia hema, midomo ya buluu. Gauni lilikuwa ndani ya plastiki, kavu.

Nikamwambia bila shaka upepo uliubeba mfuko wake ukautia hemani kwangu. Akanitazama, meno yanagongana. Akasema, "Upepo wa hapa una mambo, Halli."

Hema langu limechanika. Nimekaribishwa kwenye lake. Kabla ya kulala alitoka nje kupiga simu, akinong'ona. Nilisikia jina langu mara mbili. Ananishtaki! Nimekwisha.

Jumamosi, 22 Juni. Ndani ya basi.

Habari ya mfuko hajaigusa. Amenigawia mkate wake, na nyama ya kondoo juu. Nikamchimba: jana alimpigia nani? Watoto, akasema. Aliwaambia nini? "Tulia bwana, utasikia kesho." Akalala, kichwa begani kwangu. Samaki wangu nimemrudisha begini.

Jumapili, 23 Juni. Djupivogur.

Mchungaji akauliza jina. Dagrun akajibu, "Eyvindur."

Eyvindur! Maji mara tatu juu ya kichwa cha mtoto, na kila mara mimi ndiye niliyelowa. Mzee mwenyewe alikuwa analia, anatikisa kichwa, ananiambia sikioni kwamba sivyo alivyoomba.

Dagrun akanivuta jikoni. Akasema mpaka Ijumaa walikuwa wameshaamua: Hallmundur. Ndipo baba mkwe wake akapiga simu kutoka kambini. Kumbe gauni hakulitaja, wala mto. Aliwasihi tu kwamba kama wana nia ya kumpa mtoto jina lake, waache, wampe la Halli, "maana analitaka mpaka anaumwa, maskini." Walipokata simu wakatazamana. Wakaona heri mtoto apewe jina la mtu wa namna hiyo. Akanishika mkono. Akasema mtoto wa pili, Mungu akipenda, ataitwa Hallmundur. Kazi yangu ni kutulia tu.

Nitulie?!

Nimekaa nje na keki yangu, nawaza. Sasa nimeelewa. Simu! Mzee mjanja yule, alinizidi kwa simu! Akija wa pili, nitapiga mimi kwanza, tena kwa machozi, niwasihi wasithubutu kumwita Hallmundur. Na simu ya Eyvindur nitakuwa nimeshaificha hemani mwangu. Safari hiyo mawe sisahau.