Kitanda cha Chini na Hakimu Asiyetolewa

Jumatatu, 3 Machi
Seremala wa chumba chetu hapa kambi ya wajenzi amerudi kwao moja kwa moja. Kitanda chake kiko wazi: cha chini, karibu na dirisha. Mimi nalala juu, na mgongo wangu, ukishabeba zege mchana kutwa, hautaki kusikia habari za ngazi. Sijamwambia mtu. Anayeumwa hapa hurudishwa nyumbani, na nyumbani wananitegemea.

Mpishi, anayeongoza mchezo wetu wa wezi, ameamua tukigombee Ijumaa. Wa mwisho kubaki mchezoni anahamia. Kila mtu huchomoa kadi kwa siri. Wawili ni wezi, waliobaki raia. Tunafumba macho, wezi wanafumbua na kumwonyesha Mpishi wa kumtoa. Tukifumbua wote tunalaumiana, tunapiga kura, tunamtoa tunayemshuku. Wezi hushinda kila mara.

Nikapendekeza cheo kipya: Hakimu. Anafuta kura yoyote, wala hatolewi na mtu. Nikasema ni kwa faida ya wote. Nilisema kwa upole sana.

Fundi Vigae, hasimu wangu tangu aseme nakoroga zege kama chai, akauliza kama Hakimu pia atakuwa anatunyeshea mvua.

Jumanne, 4 Machi
Tumebishana kutwa, mimi na koleo, yeye na vigae vyake. Alidai wezi nao wapewe nguvu, mizani ikae sawa. Akambuni Bosi wa Wezi, anayemziba Hakimu mdomo. Nikampa Hakimu uwezo wa kurudisha waliotolewa. Akampa Bosi uwezo wa kuiba watu wawili kwa mpigo na kuchoma mahakama.

Mchomeleaji akauliza sisi raia tutakuwa tunafanya nini. Nikamwambia mtapiga kura. Akasema hiyo anaifanya kwao, matokeo anayajua.

Jumatano, 5 Machi
Tumejaribu. Aibu. Bosi anatoa, Hakimu anarudisha. Raia wanapiga kura, Hakimu anafuta, Bosi anamziba mdomo, tunaanza upya. Mpishi akatuambia tufumbe macho. Wengine hawakuyafumbua tena, walikuwa wanakoroma.

Mpishi amekata maneno: kila nguvu inatumika mara moja, basi. Ila Hakimu bado hatolewi. Hapo moyo ukatulia. Nimekata kadi ya Hakimu kutoka kwenye mfuko wa saruji, tabaka mbili badala ya moja, nikazibandika kwa gundi ya vigae. Gundi nilimwomba Fundi Vigae mwenyewe. Alinipa bila kuuliza. Mtu mwema, kusema kweli.

Ijumaa, 7 Machi
Kadi zilichanganywa ndani ya kofia ngumu. Fundi Vigae akatangulia. Nilisahau jambo moja: vidole vile hupapasa sakafu siku nzima vikitafuta kigae kilichoinuka. Vilizunguka kidogo ndani ya kofia, vikasimama.

Mimi nikachomoa Bosi wa Wezi.

Tulipofumbua macho hasira zikanipanda. Nikasema Hakimu ni Fundi Vigae, msimsikilize, kadi yake ni nene. Mpishi akaniuliza taratibu: "Wewe Zege, unene wake umeupima lini?"

Mikono yote ikainuka kunitoa. Hata ya mwizi mwenzangu. Kitanda kimekwenda kwa Fundi Vigae.

Jumamosi, 8 Machi
Leo nilikwama katikati ya ngazi. Juu siendi, chini sirudi. Fundi Vigae akanikuta nimening'inia kama nguo.

Akaniuliza, "Mgongo?"

Nikasema nilikuwa napumzika.

"Hapo?" Akanishika kiuno akanishusha. Halafu, bila hotuba, akabeba godoro lake akalitupa kitandani kwangu juu, langu akalitandika chini ya dirisha. Akasema, "Ungesema tu, kaka. Mchezo wa nini?"

Nikamweleza hofu yangu. Akasema msimamizi wa kazi hataambiwa, na kuanzia kesho ndoo zangu zitajazwa nusu. Mchomeleaji akaniletea dawa ya kuchua. Mpishi akanimiminia chai kwanza kuliko wote, mimi niliyetaka kuwaibia wote. Niligeukia ukutani ili wasinione uso.

Jumapili, 9 Machi
Nimelala kama mtoto. Sijui nimewatendea nini watu hawa hata wanitendee hivi. Nimeshukuru kwa mdomo, lakini mdomo hautoshi.

Fundi Vigae juu kule anaungua na joto la bati. Na Mpishi ametangaza kwamba Ijumaa ijayo tunagombea feni.

Basi nimemtungia rafiki yangu cheo: Mfadhili. Hafutwi na Hakimu, haibiwi na Bosi, na akitolewa anarudi. Mgongo wa kadi nimeusugua kwa mshumaa, uteleze. Vidole vyake vitaipata tu. Sijamwambia, nataka afurahi ghafla.

Safari hii siwezi kukamatwa. Nia ni njema.