Pikapu Yangu ya Dizeli na Kigari Kimya cha Mkwe

Jumapili, tarehe 6 Julai

Leo nimevunjiwa heshima nyumbani kwangu, kwenye kiti changu, chai yangu mkononi. Mwanangu wa mwisho, huyu anayeendesha pikapu ya kupelekea nguo za udobi wetu, kasimama mlangoni na kusema anataka kuiuza. Pikapu! Ya marehemu baba yake! Eti Jumamosi anakuja mtu kuiangalia. Nikamuuliza, vitambaa vya meza vya hoteli ya mlimani utavipeleka kichwani? Akasema hapana, Mama, vitakwenda na gari la mama mkwe.

Hapo nikaelewa kila kitu. Mama yake mkazamwanangu, mke wa huyu huyu. Mwalimu mstaafu, mtu wa kushika miwani kwa vidole viwili kama anashika yai. Amenunua haibridi. Kigari chenye injini ya petroli na mota ya umeme humo humo, kikienda taratibu hukisikii. Kinanyata kama mwizi wa kuku. Sasa kajitolea kunibebea nguo. Ataendesha mwenyewe. Ataziingiza hotelini mwenyewe, mpaka kwa meneja. Sisi tutie petroli tu.

Tutie petroli tu! Leo anabeba, kesho anapokea oda, keshokutwa ananiambia wanga niweke kiasi gani. Udobi huu nimeujenga kwa mikono hii. Hoteli ile ndiyo inayotulisha sote, naye pia anakula hapa kila Jumapili. Nikasema ng'o.

Mwanangu akadai pikapu inabugia dizeli. Nikamwambia mtu niliyembeba mgongoni hanifundishi kubugia. Tushindane! Magari yote mawili yajazwe, yazunguke njia moja, yajazwe tena. Dizeli na petroli hapa bei ni karibu sawa, basi tuhesabu lita. Litakalokunywa kidogo ndilo lenye kazi. Mkwe kapigiwa simu, kakubali huku anacheka. Acheke.

Jumatatu, tarehe 7 Julai

Nimepata akili. Nashangaa wengine wanaishije bila akili kama hii.

Dizeli ina povu. Ikimiminwa tangini povu linapanda, pampu inakata, unadhani limejaa, kumbe nusu ni hewa. Ukilitikisa gari, povu linatulia na mafuta yanaingia zaidi. Nani wa kunieleza mambo ya povu? Povu ndilo lililosomesha watoto wangu. Kwa hiyo: leo tunatikisa, tunaishindilia mpaka shingoni. Kesho tukirudi, hakuna kutikisa. Povu litapanda, pampu itakata mapema, pikapu itaonekana imekunywa kijiko.

Nikaenda na wafuaji wangu wawili. Mmoja nyuma, mmoja ubavuni, mimi mbele nikiongoza. Tukaitikisa hadi taa ikalegea. Dada wa pampu akauliza tunacheza ngoma gani. Nikamwambia ndivyo gari hili linavyolishwa, lilizoeshwa hivyo na marehemu. Akaguswa sana. Mwanangu akajifanya anasoma bei ya oili ukutani.

Mkwe alikuwa kwenye kigari chake, vioo juu. Akashusha kimoja, kidogo tu, akauliza kama gari langu linaumwa tumbo. Nikamjibu linashiba. Kama hajawahi kuona kitu kikishiba ni kwa sababu ya mapishi yake.

Alipandisha kioo haraka!

Jumanne, tarehe 8 Julai

Siku ya mashindano. Kila gari limebeba nusu ya vitambaa vya kawaida. Njia: kumbi mbili za mjini, barabara ya sokoni, kisha juu hotelini na kurudi.

Sokoni foleni imeshika. Pikapu yangu inanguruma kama kawaida, watu wanajua mimi nipo. Natazama nyuma, kigari cha Mkwe kimezimika! Hakuna mlio, hakuna moshi, kimekufa katikati ya barabara! Nikatoa kichwa dirishani nikatangaza. Nikaita vijana wa mikokoteni wakamsukume mama wa watu, mwalimu mzima, aibu gani hii. Wakamsukuma. Kwa moyo mmoja, mpaka mwisho wa foleni. Nilipiga vigelegele.

Kumbe hakikufa. Mwanangu kanieleza baadaye, huku amefunga macho, kwamba haibridi ikisimama injini hujizima yenyewe, na kwa mwendo wa taratibu wa foleni inakwenda na betri. Kwa hiyo wale vijana wamemsaidia asitumie hata hiyo betri. Mimi nimemwajiria wasukumaji.

Lakini mlimani! Mlimani tulimwacha kama amesimama. Nilimpungia leso. Kuteremka akatufikia, na eti kila akishika breki betri yake inajijaza. Breki za kujaza betri! Breki zangu hujaza moshi tu.

Tukafika kwa pampu. Nikaenda dirishani kwa Mkwe nimpige vijembe viwili vitatu vya kumwandaa. Nikiwa katikati ya cha pili nasikia nyuma yangu vyuma vinalia. Nageuka. Dada wa pampu, Mungu ambariki na roho yake ile, kaita wenzake wote wa zamu. Wanaitikisa pikapu! Eti amekumbuka jinsi marehemu alivyoizoesha. Dizeli inaingia tu. Inaingia. Povu limekwisha kabisa.

Pikapu imekunywa karibu mara mbili ya Mkwe.

Nimesema mashindano yana sehemu mbili.

Jumatano, tarehe 9 Julai

Gari si mafuta peke yake. Gari ni matunzo. Nimemwita fundi wetu aje aseme mbele ya Mkwe na mwanangu, na kabla hawajafika nimemnong'oneza aseme habari za betri kwa sauti kubwa.

Alianza vizuri sana. Akasema betri kubwa ya haibridi ikifa ni msiba, bei yake inaweza kukulaza kitandani. Nikamtazama Mkwe. Nikamsogezea maji ya kunywa. Kisha fundi, bila kuulizwa na mtu, akaongeza kwamba ya Mkwe ameipima na bado ni nzima, ina miaka mingi mbele. Akaendelea! Pikapu nozeli zake za kupulizia dizeli zinavuja, chujio limechoka, na ule moshi mweusi si nguvu kama ninavyowaambia watu, ni ugonjwa. Nimemfulia ovaroli zake mtu huyu toka hajaota ndevu!

Mwanangu akasema, Mama, umesikia mwenyewe. Jumamosi mnunuzi anakuja.

Ndipo fundi, akichukua begi lake, akasema neno moja la maana: yote hutegemea kazi. Kwa mzigo mdogo wa mjini, haibridi. Kwa mzigo mkubwa wa mlimani, ambao kigari kingeurudia safari tatu na pikapu inaubeba mara moja, hapo dizeli hushinda.

Mzigo!

Nikasimama. Nikasema Jumamosi twende kwa mzigo. Wote wa hoteli ubebwe na kila gari kwa zamu yake, tuone lita. Mwanangu akasema mzigo wetu wa Jumamosi unaingia kwenye haibridi wote na nafasi inabaki. Nikamuuliza, je, usipoingia? Akasema usipoingia, na pikapu ikashinda, haiuzwi. Ameapa. Mkwe shahidi.

Walipotoka tu nikampigia meneja wa hoteli. Nikamwambia, kijana wangu, tuna ofa ya kufua. Mapazia ya vyumba vyote. Na ya ukumbini. Na vifuniko vya vitanda. Bure.

Akauliza kama naumwa. Kisha akatuma lori.

Ijumaa, tarehe 11 Julai

Sikuandika jana. Sikuwa na mikono.

Mapazia yale hayajaona maji toka yatundikwe. Maji ya kwanza yalitoka meusi, ya pili kahawia, ya tatu wafuaji wangu wakapiga magoti wakasema nichague kati yao na mapazia. Nimewaahidi malipo mara mbili. Sabuni ya mwezi imekwisha jana mchana. Ya mwezi ujao imekwisha leo asubuhi. Tangi likakauka, nikaagiza boza la maji. Kamba zimejaa, nimeanika kwenye ukuta, kwenye ngazi, kwenye uzio wa jirani. Jirani kaja kulalamika kwamba haoni mlango wake. Nikamwambia apite chini, si mrefu.

Nimefurahi mno. Mzigo mzuri ajabu! Ni mzito hata ukiwa mkavu.

Alasiri Mkwe akatokea. Kuchungulia, nilijua. Akasimama akitazama mapazia kutoka huku mpaka kule. Akavua miwani, akaiweka mfukoni, akakunja mikono ya gauni, akashika ncha ya pazia la ukumbini. Mimi nikashika ncha nyingine. Tukakamua. Ana mikono yenye nguvu, sikutegemea, labda ni ya kuchapa watoto. Na anajua kukunja, pembe kwa pembe, bila kuambiwa. Hilo naliandika hapa tu, asije akalisikia.

Tulikunja mpaka jua likazama. Hakupiga kijembe hata kimoja, nikaona ni mbinu. Mwishoni akauliza, kwa ile sauti yake ya darasani, sabuni yote hii analipa nani, mkwe wangu?

Nikamjibu sabuni si mafuta. Tunashindana mafuta.

Akasema, kweli, hilo umesema kweli. Akavaa miwani akaenda zake. Nadhani amekata tamaa.

Jumamosi, tarehe 12 Julai

USHINDI!

Mnunuzi alifika mapema, mtu wa bucha, akaanza kuigongagonga pikapu kama anapima ng'ombe. Nikamwambia asimame pembeni ajifunze kitu.

Haibridi ilianza. Tukapakia buti, viti vya nyuma, kiti cha mbele, mpaka Mkwe akawa anaendesha na kifuniko cha kitanda begani kama shali. Safari moja, theluthi. Akarudi. Safari mbili. Akarudi. Safari tatu! Kwa heshima zote, hakulalamika, ila safari ya tatu nywele zimemsimama.

Kisha meneja, ambaye nimeshamwambia asishangae, akaturudishia mzigo wote mpaka chini kwa lori lake. Alishangaa hata hivyo.

Zamu ya pikapu. Yote ndani! Mapazia, vifuniko, vitambaa, wafuaji wawili juu wakiyakalia yasiruke. Nikakaa mbele, mkoba mapajani. Ikapanda mlima ule ikilia, ikitoa moshi, watoto wakikimbia pembeni. Safari moja. Moja!

Kwa pampu nilimkumbatia dada yule mikono yote miwili asiguse gari. Mwanangu akasoma lita. Akasoma tena. Haibridi kwa safari zake tatu imekunywa zaidi ya pikapu! Si kwa tofauti kubwa, lakini zaidi ni zaidi. Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Mtu wa bucha nikamwambia anunue punda.

Mkwe akanipa mkono. Akasema hongera, mkwe wangu, umeshinda. Mbele ya watu! Nimemwambia apande pikapu, nimrudishe nyumbani kwa heshima. Akasema ana gari lake. Nikamwambia najua, nimelishinda.

Mwanangu tu ndiye amenuna. Usiku wa leo kaja na makaratasi. Eti sabuni, boza la maji, umeme wa pasi na malipo ya wafuaji, ukivijumlisha, vingeendesha magari yote mawili mpaka mwaka uishe. Nikamwambia asichanganye mambo. Aliapa, na katika nyumba hii kiapo ni kiapo. Pikapu haiuzwi. Hoteli ni yangu.

Nimelala kama malkia. Ninaandika nikiwa nimelala.

Jumatatu, tarehe 14 Julai

Pikapu iko kwa fundi. Jana jioni ilikohoa mara mbili getini, ikatoa wingu moja jeusi, ikanyamaza. Nozeli. Fundi anasema mzigo wa Jumamosi ndio umemaliza kazi. Nasema huyo fundi ana mdomo. Gari lililoshinda lina haki ya kupumzika.

Kwa hiyo vitambaa vya leo vimekwenda na kigari cha Mkwe. Kwa kuazimwa tu! Nimekaa mbele nimsimamie. Kiti ni kizuri, hilo sikulisema. Nimemwonya asikimbize, petroli ni yangu. Njia nzima hakujibu, naye na gari lake kimya vile vile, nikazungumza peke yangu mpaka juu.

Meneja alitupokea mlangoni kwa mikono miwili. Amefurahi sana na ofa. Wageni wamemsifu, vyumba vinanukia. Akauliza kama inawezekana kuwa hivyo kila mwezi, mapazia yote na vifuniko vyote, kwa utaratibu ule ule. Mkwe akanikanyaga mguu. Nikasema inawezekana! Kila mwezi pikapu itamshinda mbele ya watu, nitakataaje? Mkwe akanikanyaga tena. Ana wivu mbaya mama yule.

Meneja akakuna kichwa akasema, samahani Bibi, ukumbini kuna na mazulia.

Nikaenda kuyatazama. Marefu, mazito, hayakunjiki. Kigari kile hakitaingiza hata pembe moja.

Nimemwambia na hayo pia bure.