Malalamiko Juu ya Kulinganishwa na Sensa ya Gari

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na umeketi. Nimeamua kuandika kwa sababu mlango wa ofisi yako nimeufikia mara tatu, na mara zote tatu nimerudi darasani.

Ijumaa, siku ya wazazi, nimepangwa kueleza jaribio letu: sensa ya oksijeni, yaani kifaa kinachohisi oksijeni, iliyofunguliwa kutoka kwenye bomba la moshi la gari bovu, tunayoipitishia gesi mbalimbali ili tusome umeme inaotoa. Naomba niondolewe. Jana niliulizwa swali nikanyamaza, na Mwalimu wa Fizikia akasema mbele ya darasa zima, "Hata chuma hiki kinajibu kwa sekunde moja. Wewe mwenzetu tunakungoja tangu muhula uanze."

Malalamiko yangu ni haya:

1. Sensa haijibu ikiwa baridi. Hupashwa moto kwanza, nyuzi mia tatu na zaidi. Mimi huulizwa saa moja asubuhi, hata chai haijashuka.

2. Sensa hupewa gesi moja moja. Mimi hupewa macho themanini kwa mpigo.

3. Sensa ikinyamaza, hukaguliwa nyaya. Nikinyamaza mimi, mama yangu huitwa shuleni.

4. Hili naliandika kwa aibu. Nilipoambiwa niipulizie sensa pumzi yangu, mshale wa mita haukutikisika. Wa nyuma wakasema, "Jamani, hata mashine haimsikii." Ukweli ni kwamba pumzi ya mtu bado ina oksijeni nyingi, kwa hiyo hata wao wasingeusogeza. Jibu hilo nilikuwa nalo kwa lugha zote mbili tunazofundishwa, nikalimeza kwa zote mbili.

5. Kwa hiyo, kama shule inataka nijibu kama sensa, nihudumiwe kama sensa: nipashwe moto taratibu, nibanwe kwenye jiliwa la maabara kama inavyobanwa yenyewe, nisikimbie, na wazazi waletwe mmoja mmoja.

Ikishindikana, aeleze rafiki yangu wa dawati moja. Yeye haoni haya. Husema hata asichokijua.

Nisalimie naibu wako, mpishi, mlinzi, na Mwalimu wa Fizikia, ambaye sina kinyongo naye ila kidogo.

Ni mimi mtiifu wako,
Mwanafunzi wa dawati la mwisho, dirishani

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha nimemsikiliza rafiki yangu akifanya mazoezi maabara. Amesema gesi ya kupikia inashusha umeme. Inapandisha, Mwalimu, karibu volti moja. Inayoshusha ni hewa. Nikamwambia, "Ndugu yangu, hebu kaa chini." Nimeeleza yote, na nilipogeuka mlinzi na mpishi walikuwa wamesimama mlangoni. Mlinzi akauliza swali. Nimemjibu. Huyu rafiki yangu hawezi kuachiwa wazazi. Ijumaa nitaeleza mwenyewe. Mama mwekeeni kiti cha mbele.