Malalamiko ya Mlinzi wa Mlangoni Dhidi ya Kiingereza

Braamfontein, Johannesburg
Ijumaa, 24 Agosti 2012

Mheshimiwa Dakta Kagendo,

Ni mimi Anatole, Mrundi, mlinzi wa mlango wa ukumbi unamofundisha historia ya Kiingereza kila Jumanne. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa wewe ni Mkenya, na kwa kuwa Kiingereza ndicho ninachokishtaki. Kampuni yetu ya ulinzi imenipa mtihani wa Kiingereza, nimeanguka, na Jumatatu nahamishiwa geti la mazizi ya farasi kule Turffontein. Sitaki kwenda. Yaliyoniponza ni masomo yako, nami nina hoja zifuatazo:

1. Ulifundisha kwamba Kiingereza kilivuka bahari kutoka upande wa Ujerumani, kikawakuta wenyeji wa kisiwa cha Uingereza, kikawasukuma pembeni. Hakikupanga foleni popote. Mimi kibali changu cha ukimbizi nakihuisha kila miezi sita, na kila mara naulizwa nimekuja kufanya nini.

2. Mwaka 2008, pale mtaa wa Alexandra, vijana waliokuwa wakisaka wageni kwa kupiga filimbi walitushika wakatuuliza kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu, maana asiyejua ni mgeni. Sikujua. Tukapoteza kibanda na kila kilichokuwamo, na mpaka leo mke wangu Epiphanie akisikia filimbi anatetemeka. Nauliza kwa uchungu: Kiingereza kilipotua kisiwani, nani alikiuliza kiwiko?

3. Ulisema, nami nilisikia vizuri kwa kuwa mlango ule haufungi, kwamba mabwana wa Uingereza walizungumza Kifaransa karibu miaka mia tatu, Kiingereza kikabaki cha wapishi na wachunga nguruwe, huku kikijichotea maneno ya Kifaransa bila kuomba. Kifaransa nilikifundisha Gitega miaka tisa. Kwa hiyo nilimweleza msahihishaji, kwa adabu kabisa, kwamba nusu ya karatasi yake ni mali yangu, anipe nusu ya alama kabla sijaanza. Akanipa sifuri.

4. Kwa kuwa hakina kibali, hakijui kiwiko na kinatembea na mali ya wizi, naomba idara yako ikikabidhi Kiingereza kwa polisi. Kesi ikiendelea, kikalinde farasi chenyewe, nami nibaki mlangoni kwangu. Chuo kitumie Kirundi. Niko tayari kufundisha, isipokuwa Jumapili.

Nisalimie wanafunzi wote, hata yule anayekoroma safu ya nyuma. Epiphanie anakusalimu. Binti yetu Tania anakusalimu pia, ila kwa Kiingereza, tumemkanya.

Mlalamikaji wako mwenye heshima zote,
Anatole

Nyongeza: Jumanne hii ulipofika pale mahakama za Uingereza zilipoamriwa kusikiliza kesi kwa Kiingereza, kwa sababu watu walikuwa wakihukumiwa kwa lugha wasiyoielewa, nilijisahau nikapiga makofi peke yangu kwenye korido. Wanafunzi wakageuka, wakacheka. Ndiyo, nilikuwa mimi. Nilifurahi kana kwamba nimeshinda mwenyewe, Mungu anisamehe. Kisha kipindi kikaisha, na Jumanne ijayo nitakuwa na farasi. Tafadhali, Dakta, ikawaje baada ya pale? Niandikie. Hata kwa Kiingereza nitasoma, polepole.