Malalamiko Kuhusu Binti Yako Aliyekiua Kikohozi Changu

Kwa Mkwe Mwenzangu Mheshimiwa,
Baba wa mke wa mwanangu.

YAH: MWENENDO WA BINTI YAKO NDANI YA KARAKANA YANGU

Salamu zangu za heshima zikufikie wewe, mama wa nyumba, na wote mlio chini ya paa lenu. Ukitaka kujua hali zetu, sisi huku wazima. Tunalala, tunaamka, tunavuta pumzi bila taabu yoyote, na hilo hasa ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Siku ulipomleta kwetu ulisimama mbele za watu ukasema binti yako ana kasoro moja tu, hajui kulala mchana. Nilikuamini. Hukusema kwamba anapiga picha za vifua vya watu hospitalini na kwamba kazi hiyo humfuata mpaka nyumbani. Yule ni mtu aliyezoea kuwaona watu kwa ndani kabla hajawaona kwa nje. Ungenidokeza tu, ningejipanga.

Mimi, kama unavyojua, ni fundi wa kukereza. Mashine inazungusha gogo, mimi nimeshika patasi, bakuli linatoka. Mwanangu anachonga vigoda kwa grinda ya umeme yenye meno, na akiiwasha hata paka huhama. Karakana yetu ni chumba cha mabati chenye dirisha moja, na dirisha hilo halifunguki kwa sababu nimeliegemezea mbao. Tuliishi humo vizuri sana. Vumbi lilikuwa letu, nasi tulikuwa wa vumbi. Basi soma yaliyotufika. Ni mambo sita.

1. Amekiua kikohozi changu. Kikohozi kile nilikuwa nacho kabla sijawa na mke. Kiliamka kabla yangu, kikaniamsha mimi, kisha nyumba, kisha majirani wa upande wa kulia. Mama watoto alikuwa akibandika chai kwa kukisikiliza. Asubuhi ya kwanza binti yako kuamkia kwetu, alitoka jikoni na kijiko mkononi, akapiga goti, akaniamkia kwa adabu zote, halafu akauliza, "Baba, hicho kikohozi kina umri gani?" Nikamjibu, "Kimempita mumeo." Nyumba nzima ikacheka, yeye hakucheka. Hapo ndipo ningeshtuka. Asiyecheka utani wa baba mkwe ana lake moyoni.

Mchana akaja karakana bila kualikwa. Tulikuwa ndio kwanza tumerudi kutoka kula, mashine zote kimya. Akafunga mlango, akazima taa, akawasha tochi ya simu. Mwanga ukapita katikati ya chumba kama fimbo nyeupe, na ndani yake vumbi linaogelea polepole, halina haraka ya kwenda popote. "Maranda hayana neno, baba," akasema. "Yanaanguka chini, unayafagia. Linaloingia kifuani likakaa ni hili usiloliona." Nikamwambia, kama silioni basi nalo halinioni. Nililiona jibu zuri sana. Yeye akaniangalia tu, kama daktari anavyomwangalia mgonjwa anayesema ataanza dawa Jumatatu.

Sasa kikohozi hakipo. Naingia chumbani kwangu mwenyewe, mama watoto anashtuka na kupiga ukelele, eti ninanyata. Chai inachelewa kila siku.

2. Ameidhalilisha leso yangu. Tangu ujana wangu nimekuwa nikijifunga leso puani kila ninapopiga msasa, na leso yenyewe niliachiwa na fundi aliyenifundisha kazi. Binti yako aliishika kwa ncha mbili, akaiinua kwenye mwanga, akaona upande wa pili. "Baba," akasema, "hii inachuja nzi."

Nikampa hoja nzito. Nikasema fundi wangu aliivaa maisha yake yote. Akauliza, yuko wapi sasa? Nikasema alishafariki. Akauliza, alifariki vipi?

Mkwe mwenzangu, hilo si swali la kumuuliza baba mkwe. Fundi wangu, miaka yake ya mwisho, alikuwa akilala ameketi, mito imejazwa mgongoni, dirisha wazi hata mvua ikinyesha, maana akilala chali pumzi ilikataa kuja. Sisi wanafunzi wake tulisema ni uzee. Alipokufa alikuwa mdogo kuliko nilivyo mimi leo. Jambo hilo sikuwahi kulipigia hesabu, na nilikuwa nimestarehe kabisa kutolipigia hesabu, mpaka binti yenu alipokuja kuuliza maswali yake kwa sauti ya upole. Usiku ule nililala ubavu. Hilo nalo liandikwe kwenye makosa yake.

3. Amezichokoza ndevu zangu. Baada ya leso kufukuzwa kazi, mwanangu alijitia mwerevu akanunua boksi zima la barakoa zile nyepesi za kamba za masikioni. Mkewe akazirudisha kwenye boksi moja baada ya nyingine. "Hizi zinamkinga mgonjwa na mate yako," akamwambia. "Hazikukingi wewe na vumbi la mbao za mkangazi." Kisha akaleta zile ngumu kama kikombe, zenye kamba mbili za kuzungusha kichwani, akanivisha, akaubana ule waya wa puani, akaniamuru nipumue. Miwani yangu ikajaa ukungu pale pale. Hewa ilikuwa ikipita kwenye ndevu kama mbuzi kwenye ua uliobomoka. Akatoa hukumu, "Ndevu na barakoa hazikai nyumba moja. Lazima ibane ngozi."

Mwanangu, ambaye nilimlea nikidhani ana msimamo, alinyoa jioni ile ile. Siku hizi anavaa barakoa ya mpira yenye vichujio viwili mashavuni, vya mviringo kama visosi, na juu yake ngao ya plastiki ya uso mzima. Alijaribu kusema miwani ya kinga inamtosha, akaambiwa miwani inalinda macho, na je, meno yake amemwachia nani? Kwa mbali ni nzi aliyevaa suruali. Ukimsalimia anakuitikia kama mtu aliye ndani ya kisima.

Mimi nikasimama imara. Nikasema, ndevu hizi nimeziotesha mwenyewe na zitakwenda nami kaburini. Nitafutie kinga inayoheshimu ndevu, nami nitaivaa mbele ya mashahidi. Nilisema hivyo nikijua kitu hicho hakipo.

Kipo. Ni kofia ngumu yenye kioo cha plastiki kinachoshuka mpaka chini ya kidevu, na nyuma yake kuna kifeni kinachovuta hewa, kinaichuja, kisha kinanipulizia usoni kama bwana mkubwa. Betri naifunga kiunoni. Haina haja ya kubana ngozi, maana hewa yenyewe inasukuma vumbi nje. Ilifika kwa basi ndani ya katoni iliyoandikwa jina langu kwa herufi kubwa, na mashahidi walikuwepo. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Kichwa changu sasa kimevaa ushahidi.

4. Hili nimelifuta. Mama watoto alikuwa akisoma nyuma ya bega langu.

5. Amenitenga na jamii. Jirani yetu wa karakana ni fundi wa kupaka rangi tunayemwita Vanishi. Kila siku alikuwa akiniletea umbea wa mtaa mzima mpaka mlangoni. Sasa kifeni kinanguruma masikioni, umbea naupata nusu nusu, na nusu ninayoipata ndiyo isiyo na utamu. Ameniita Rubani, na jina limeshika. Juzi mteja, mama mmoja mtu wa heshima, aliingia, akaiangalia kofia, akaisalimia, kisha akaiuliza fundi yuko wapi.

Halafu hewa yenyewe. Ni safi kupita kiasi, haina ladha. Zamani niliujua mti kwa pua kabla patasi haijaugusa. Sasa inabidi niutazame, kama mtu yeyote wa barabarani.

Na huyo Vanishi aliyenicheka, usimwamini. Nilimfuma nyuma ya kibanda chake amevaa barakoa ya mwanangu, macho amefumba, anavuta pumzi ndefu kama mtu aliyerudishiwa kitu chake kilichopotea. Badala ya binti yako kumfukuza kwa wizi, alimketisha kwenye ndoo akamweleza kwamba vichujio vya vumbi havizuii mvuke wa rangi, yeye anahitaji vingine, vyenye mkaa ndani. Ameshampelekea. Kwa hiyo ugonjwa huu wa kupumua vizuri umeanza kuambukiza mtaa.

6. Na hili ndilo kubwa: kifaa alichonivika ni kibovu. Nilifunga mashineni gogo la mzeituni, pana kama sinia, lenye panda pale tawi lilipochipukia, na michirizi ya kupendeza mno. Kumbe lilikuwa na ufa, gome limeuficha. Nikaliongezea mwendo. Sikumbuki mlio. Nakumbuka kioo kimegeuka cheupe chote mbele ya macho yangu, kama utando wa buibui, na mimi nimeketi chini kwenye maranda, na kifeni kinaendelea kunipulizia hewa safi kana kwamba hakuna lililotokea. Nusu ya gogo hilo ilikuwa imenipiga usoni, ikaruka, ikatoboa bati la paa. Mpaka sasa jua linapita hapo.

Sasa tuamue kwa haki. Kioo kile kilikuwa kipya, na kimepasuka mara ya kwanza tu kupigwa. Uso wangu nimeutumia tangu nizaliwe, bila kioo, bila dhamana, na haujawahi kupasuka hata siku moja. Kati ya viwili hivyo, kipi ni imara?

Mwanangu alizima mashine, akanivua kofia, akanishika kichwa kwa mikono miwili kama anayechagua tikiti sokoni. Akakitazama kioo, akanitazama mimi, akakirudia kioo. "Baba," akasema. Alikwenda kuketi juu ya gogo, barakoa bado usoni, akalia, na sauti ya mwanamume mzima anayelia ndani ya mpira wenye vichujio viwili, omba Mungu usije ukaisikia.

Binti yako akaja mbio kutoka kazini na sare yake. Mimi nilikuwa tayari. Nilikuwa nimejipangia majibu mazuri, makali, kwa ajili ya lile neno lao, "Si nilikwambia?" Mkwe mwenzangu, hakulisema. Alinishika kidevu, akanigeuza kushoto, akanigeuza kulia, akanibonyeza mashavu na paji la uso, akanionyesha vidole nivihesabu, nikavihesabu sawasawa. Kisha akasema, "Baba, kesho ukiwasha mashine simama pembeni ya gogo. Usisimame mbele yake." Akatoka nje. Tulimsikia nyuma ya rundo la mbao akitapika kwa hofu. Aliporudi alikuwa amenawa uso, akauliza kama kuna mtu aliyekula.

Mimi nikabaki na majibu yangu mkononi. Mtu uliyejiandaa kugombana naye akikunyima ugomvi, unaupeleka wapi? Ndipo nikaona niulete kwako uliyemzaa.

Kwa hiyo naomba kikao cha familia zote mbili, hapa kwetu, upesi iwezekanavyo. Mje mumwonye, na akishindikana mje mumchukue. Ikiwa mtaamua abaki, basi apewe masharti. Aniruhusu kukohoa walau Jumapili. Aache kunipangusa pua kwa pamba nyeupe na kuwaonyesha wageni kwamba haikuchafuka. Na akome kunikataza kuvua kofia ninapozima mashine, eti vumbi bado linaelea. Mimi nikizima mashine nimemaliza kazi. Vumbi nalo limalize.

Nisalimie mama mkwe mwenzetu, umwambie kitanda tulichoahidi kimebaki miguu. Msalimie shangazi yenu yule aliyeimba siku ya harusi mpaka spika ikakata tamaa. Wasalimie wajomba, wadogo, wapangaji, na jirani yenu anayedai tumewahi kusoma pamoja. Mama watoto anawasalimu. Vanishi pia anawasalimu, ingawa kwa barakoa ile sikusikia vizuri, huenda anawatukana.

Ni mimi mkwe mwenzako, kwa heshima na kwa manung'uniko,

Fundi wa Kukereza
(ambaye sasa anaitwa Rubani)

Nyongeza: Nilishaifunga bahasha, nimelazimika kuifungua. Mama watoto ananiambia hivi sasa kwamba binti yako ana mdogo wake wa kike, hajaolewa, naye anafanya kazi hospitalini, kitengo cha masikio. Mkwe mwenzangu, mbona mlitunyamazia? Nina kijana wangu wa pili, anaendesha mashine ya randa kiwandani, na siku hizi ukimwita mara moja haitiki. Ukimwita mara ya pili anageukia upande usiko. Ni mtoto mtulivu, mtiifu, na ndevu zake ni chache. Kama binti mwenyewe atapenda kuja kumtazama, mlango uko wazi, na masikio yake yote mawili tutayakabidhi bila ubishi. Huyu dada yake mkubwa haondoki, na atakayekuja na wazo la kumchukua ataanza na mimi hapa mlangoni, na kofia yangu kichwani. Ila kikao msikivunje. Njooni wote kama nilivyoomba. Ajenda tu ndiyo imebadilika.