Nilivyoubana Wimbo wa Shangazi

Jumatano, 4 Machi
Kinasa sauti cha kanisa kimejaa pomoni! Miaka mitatu ya mahubiri, nami ndiye mtunzaji. Na keshokutwa Shangazi, dada wa marehemu baba, anarekodi wimbo wake. Jumatatu anapasuliwa koo. Daktari kasema huenda asiimbe tena. Mpiga kinanda kanipasha mbele ya kwaya nzima: eti nifute ya zamani, ama nimkabidhi yeye kifaa. Nifute mahubiri? Thubutu!

Alhamisi, 5 Machi
Nimekwenda kwa fundi simu. Kumbe sauti hubanwa! Faili inapungua, nafasi inaongezeka. Akanionya nibane mara moja tu, na za awali nisifute, maana kilichopotea kwa kubanwa hakirudi. Mwoga, maskini. Shati likikunjwa, si hukunjuliwa? Nimebana mahubiri yote. Nafasi tele! Nikayabana tena yaliyobanwa. Mungu ni mwema.

Ijumaa, 6 Machi
Shangazi kaimba hadi mzee wa kanisa akatafuta leso. Nilipofika nyumbani nikaubana wimbo mara tatu. Ukawa kama punje ya mtama! Wa awali nikaufuta. Sasa kifaa kinaweza kunasa mpaka Kiyama.

Jumapili, 8 Machi
Ee Mola wangu. Baada ya ibada waumini wakaomba kuusikia wimbo. Ikatoka sauti ya nzi ndani ya chupa. Mpiga kinanda akauliza kama Shangazi aliimbia mtungini. Nikajaribu kuukunjua, nzi akawa mkubwa zaidi. Nilitamani ardhi inimeze. Shangazi akanishika bega, akasema nyamaza mwanangu, koo hili ni langu mpaka kesho. Akaimba upya pale pale, na mpiga kinanda akamrekodi kwa simu yake. Safi kabisa, lazima nikiri. Nikalia kama mtoto, kisha nikamkabidhi mpiga kinanda kifaa kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumanne, 10 Machi
Upasuaji umekwenda salama, sifa kwa Bwana. Shangazi haruhusiwi kusema, lakini kanikonyeza. Mchungaji naye kanihurumia, kanipa kazi nyepesi: kutunza picha za harusi zote zilizofungwa kanisani. Ziko elfu sita, na kompyuta imejaa. Nimeshaanza kuzibana, na za awali nafuta. Picha hazina sauti, kitaharibika nini?