Mkate Niliopika Mwenyewe

Leo nimeadhirika, na walioniadhiri wana miaka saba.

Nnaandika hapa nikiwa nimejifungia chumbani. Jikoni kuna bakuli la unga wa mchele unaoumuka na kumwagikia mezani, na sina nguvu ya kwenda kuupangusa. Basi kaeni niwahadithie mwenyewe kabla hamjahadithiwa na wengine, maana najua kuna mmoja wenu keshaipata picha.

Mnalijua darasa letu la Kiswahili la Jumamosi. Watoto wetu wamezaliwa hapa Maskati. Kiarabu chao mashallah, Kiingereza cha skuli kinawatoka bila taabu, lakini mwambie mtoto kwa Kiswahili akamwamkie bibi yake, atakutazama kama umemtukana. Ndo tukaanzisha darasa. Tulikuwa tukikutana Al Khoudh, kwenye majlis, chumba cha wageni, ya mzee mmoja mwenye roho nzuri. Ilipokuja ile mvua kubwa na mabonde yakajaa maji yakafunga barabara, skuli zikasomesha watu wakiwa majumbani, na sisi tukahamia kwenye simu. Mvua ilikwisha siku ya tatu. Sisi hatujarudi mpaka leo. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. (Kila mzazi anajua kwa nini. Jumamosi asubuhi hakuna kuvaa, hakuna kuendesha gari, hakuna kuwatafutia watoto viatu.)

Lakini watoto wakapoa. Huyu anazima kamera, yule anakula chipsi chini ya meza, mwengine yumo darasani jina tu. Kusoma kwa sauti ndo usiseme. Mwalimu Rahma, binti mpole anayesoma chuo kikuu, amewabembeleza miezi wamsomee mstari mmoja na hakuna aliyefungua mdomo. Akaja na fikra. Kila Jumamosi nyumba moja ifungue kamera, ionyeshe kazi ya nyumbani kwa Kiswahili kitupu, na mabibi wote waalikwe. Anayeingia apige hodi, asubiri tumwambie karibu, kama mtu mwenye adabu zake. Wiki iliyopita nyumba moja ilionyesha kufukiza udi kwenye nguo. Leo zamu yangu.

Ningeweza kuonyesha kumenya vitunguu. Watoto wangefurahi na dunia ingeendelea. Mdomo ukanitangulia, nikasema mkate wa kumimina.

Kwa wasioujua: mchele unaurowesha, unausaga na tui la nazi, unatia hamira, sukari na iliki, unauacha uumuke, kisha unaumimina kwenye sufuria na kuuchoma. Ukipatia, unatoka laini umejaa vitundu. Usipopatia, una tofali. Mie nshachoma matofali ya kutosha kujengea ukuta.

Sasa mtauliza, wewe Shemsa, kilichokupeleka huko nini? Mama mkwe ndo kilichonipeleka. Bi Nasra, anakaa Bustan, mnamjua au mmemsikia. Ijumaa iliyopita, watu tumekaa kwenye sinia tunakula, akatangaza kuwa ile sufuria ya marehemu mamaake, iliyovuka bahari kutoka Unguja, anataka kumwachia mke wa mwanawe aliye na mkono wa kupika. Akanitazama mie kidogo, kisha akamtazama Salma, mke wa shemeji yangu, kwa kituo. Salma anapika, siwezi kumdhulumu. Na sufuria mie nnazo. Lakini tangu niolewe naitwa "mkono wa kununua", na siku hizi naitwa hivyo mbele ya wanangu. Hilo ndo lililonichoma. Nilitaka siku moja tu mama mkwe anione na anyamaze.

Basi jana alasiri nikenda Sib kwa Bi Zuwena. Huyu mama anauza mkate wa kumimina usio na mfano. Anakupa na sufuria yake, kwa sababu mkate ukiutoa wa moto unavunjika, na sufuria unamrudishia baadaye. Nikamchimba kidogo kwa ujanja, kama anazitumia hizi simu za kuonana. Akacheka, akasema yake ni ya kupigia tu. Nikarudi nyumbani roho kwatu.

Mpango wangu ulikuwa safi. Nitachanganya unga mbele ya kamera, niseme sasa tunauacha uumuke, halafu niutoe mkate "niliouchoma asubuhi". (Kwenye televisheni wanafanya hivi kila siku na hakuna anayewaumbua.) Mwanangu Hilal nikamweka sebuleni, aingie darasani kwa tableti yake, asije jikoni akaona kitu.

Saa nne tukaanza. Hodi, karibu, hodi, karibu. Mabibi wakaamkiana wao kwa wao mpaka mwalimu akaogopa darasa litakwisha hatujaanza. Mama mkwe alikuwa kakaa kama bibi harusi, ushungi mpya, na ile sufuria ya Unguja kaiweka mezani kando yake, inang'ara. Akatueleza kuwa ameisugua mwenyewe kwa ndimu na majivu kwa ajili ya leo, masizi ya miaka na miaka yametoka yote. Nikaelewa. Mshindi atatangazwa papo hapo.

Kulikuwa na mwanafunzi mpya pia, jina lake Thuraya. Kamera yake ilituonyesha feni la kwenye dari, basi. Hatukujali. Kila darasa lina mtu wake wa feni.

Nikaanza kusaga. Jamani, nilikuwa mzuri, niseme ukweli wangu. Nikawafundisha watoto rowesha, saga, chuja, umua. Nikawaambia hamira haina haraka, mkate unataka subira. Mama mkwe akatikisa kichwa kukubali. Salma akanuna. Nikanogewa, nikaongeza kuwa siri hii niliachiwa na bibi yangu. (Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinunua.)

Kisha nikasema, "Na huu hapa ndo ule niliouchoma asubuhi, kwa mkono wangu huu."

Nikapitisha kisu pembeni, nikafunika sahani juu, nikapindua. Mkate ukashuka wote, rangi ya dhahabu, haukuacha hata chembe. Nikainyanyua sufuria juu kwa mikono miwili, mbele ya kamera, kama mtu aliyechukua kombe. Wote wakasogeza nyuso kwenye kamera zao. Nikadhani wamestaajabu.

Nyote mnajua desturi yetu. Sufuria zinasafiri, zinakwenda kwenye harusi, zinakwenda kwenye hitima, na zikitoka hazirudi. Ndo maana kila mwanamke anatia alama chini ya sufuria yake. Mie zangu natia kwa rangi ya kucha. Bi Zuwena yeye hataki mchezo, anaandika kwa rangi ya mafuta, nyeupe, herufi kubwa. Na nikipindua sufuria, chini yake kunatazama wapi? Kunatazama kamera.

Wale watoto waliobembelezwa miezi wasome mstari mmoja, leo hawakuambiwa na mtu. Wakaanza mmoja mmoja, wakaungana.

"Ma-li ya Bi Zu-we-na. Ru-di-sha."

Na Mwalimu Rahma (namsamehe, lakini si leo) alifurahi hata akasahau yuko wapi. Akapiga makofi. "Vizuri sana. Tena, kwa pamoja."

Wakasoma tena. Kwa pamoja. Mara ya pili hawakukosea hata herufi.

Ndipo lile feni likasema. Wallahi, feni lilisema. "Hodi hapo. Mie nipo huku kwa mjukuu wangu Thuraya. Sufuria nshaiona, mwanangu, kesho niletee, nna oda ya watu."

Nikajikaza, nikatabasamu kwa kamera, nikasema kuwa kweli, sufuria niliazima kwa Bi Zuwena, yangu ilikuwa ndogo. Bi Zuwena ni mtu wa dini. Uongo hauwezi, na kunifedhehesha pia hataki. Akafikiri kidogo, akasema kwa upole, "Ndiyo, aliazima. Na mkate ndani yake."

Salma akaziba mdomo kwa ushungi. Mama mkwe yeye hakuziba kitu.

"Mkono wa kununua," akasema, mbele ya darasa zima. "Nlijua mie."

Nilitamani ardhi ipasuke, nakwambieni, niingie na bakuli langu. Machozi yalikuwa yako karibu. Lakini watoto habari ya mkate haikuwahusu tena. Wamegundua kuwa chini ya sufuria kuna maneno. Wakakimbia majikoni kwao, wakarudi na vifaa vya mama zao, wanageuza, wanasoma. Sufuria ya nyumba hii jina la nyumba ile. Sinia la watu wa Sib liko Al Khoudh tangu harusi ya nani sijui. Mabibi wakawa wanapiga kelele, ile ni yangu, ile ni yangu. Binti yake Salma akanyanyua sufuria ya kwao, chini yake rangi nyekundu ya kucha, "Shemsa". Nimeitafuta sufuria ile miaka miwili. Salma ushungi ukashuka.

Mtoto mmoja akasema, "Bibi Nasra, na yako geuza tusome."

Mama mkwe akaona uwanja umefunguliwa. Akawaambia watoto watazame sufuria ya mwenyewe, isiyoazimwa, yenye jina la mama yake, ambalo macho yake hayalioni vizuri tena, na isomwe kwa sauti ili baadhi ya watu wasikie. Akaikumbatia, akaigeuza kwenye kamera. Chini yake, palipokuwa na masizi miaka yote, palikuwa pamechongwa herufi za Kiarabu.

Sasa Kiarabu wale watoto wanakisoma wamelala.

"Wakfu," wakasema wote kwa mpigo. Chini yake neno msikiti, na jina la msikiti limefutika.

Mabibi waliokuwa wakigombania masinia wakaacha. Na hapo nikasikia sauti ya mwanangu Hilal mara mbili, moja kutoka sebuleni, moja kutoka kwenye simu. "Hii tumesoma skuli," akasema, na furaha ya mtoto anayejua jibu. "Wakfu ni mali ya Mungu. Haiuzwi, haipewi mtu, wala hairithiwi."

Mwalimu Rahma safari hii hakusema tena, kwa pamoja.

Mtandao wa Bustan haujawahi kukatika. Leo ukakatika. Mama mkwe akaganda kidogo, sufuria kifuani, kisha akapotea. Darasa likavunjika kwa watoto kuomba Jumamosi ijayo tusome tena masufuria, na wazazi wote kusema tutaona.

Nikazima. Nikakaa jikoni natazama mkate. Hilal akaja mbio, akaniuliza kama amejibu vizuri. Nikamwambia amejibu vizuri mno. Akakata kipande, akala, akasema Bi Zuwena anajua. Nikakubali, na mie nikakata.

Mara simu. Mama mkwe. Nikaipokea kama mtu anayepokea hukumu.

"Shemsa."

"Abee, mama."

"Ile sufuria nimekupa wewe."

Tangu niolewe nilikuwa nikiyasubiri maneno haya. Nikamwambia kwa adabu, "Mama, mjukuu wako kasema haipewi mtu."

Akaanza kunieleza kuwa mama yake aliichukua kwenye hitima moja, zamani, walikuwa wanasema watairudisha kesho, kisha ikaja safari, na kesho yenyewe ndo hii. Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyevunja kikombe. Nilitaka kufurahi, kwa kweli nilijiandaa, furaha ikagoma kuja. Nikamwambia hayo mambo yanatokea, mama, hata mie leo yamenitokea.

"Basi sikukupa," akasema. "Nimekutuma. Ukipanda ndege kwenda Unguja ichukue, uutafute huo msikiti."

"Sawa, mama."

"Na yule Zuwena mwambie Ijumaa anichomee mmoja. Uniletee wewe. Kwenye sahani yako."

Akakata. Kabla hajakata nilisikia anacheka, na mie nikacheka, peke yangu na bakuli.

Kwa hiyo mambo ndo hayo. Sufuria nimeshinda, Salma hana chake, na nnatafuta mtu anayekwenda Unguja mwenye nafasi kwenye mzigo. Na wewe hapo unayecheka, hebu simama kwanza uende jikoni kwako. Geuza sufuria. Utusomee, kwa sauti.